Shamba Ambalo Halikupigwa Jembe

Aliyauma majani. Watu wengine huyatazama, wengine huyanusa. Yeye alichuma ncha, akaikunja mara mbili, akaiuma kwa meno mawili ya mbele, akaiweka juu ya ulimi na kunyamaza kama mtu anayesikiliza simu yenye mtandao mbaya. Kisha akaitema. Kama jani ni zuri aliendelea kuchuma bila kusema neno. Kama ni baya alisema "Tu!" na kulitazama pale chini kana kwamba limemtukana mama yake.

Nimemjua tangu nikiwa darasa la tano, na sasa niko kidato cha tatu. Kwa muda wote huo sikumbuki siku aliyoniacha nimalize sentensi. Nyingine zilikuwa sentensi za kijinga, hizo simdai. Ila kulikuwa na sentensi moja niliyohitaji aisikie mpaka mwisho, na hakuisikia, na bado nina hasira. Ndiyo maana naandika.

Mtaani kwetu Koboko, mji wa Uganda ulio karibu na mipaka ya Kongo na Sudani Kusini, tulimwita Haboba, yaani bibi, kama tunavyowaita wanawake wote wa umri wake. Lakini ukisema Haboba bila kuongeza kitu, kila mtu alijua ni huyu wa mboga za porini. Alizaliwa wapi na alizaliwa na nani, siandiki. Kila nyumba ina jibu lake, na sijawahi kusikia mtu akimuuliza mwenyewe.

Mama ndiye aliyenipeleka kwake. Alichoka kuniona nimekaa ndani likizo nzima. "Huyu mtoto atakuwa kabati," alisema, na akanisukuma mgongoni mpaka mlangoni kwa Haboba. Nilitazama vidole vyangu vya miguu.

"Iko na mikono?" Haboba aliuliza, kana kwamba mimi ni kuku anayeuzwa.

"Iko," mama akajibu.

"Yeye nasema?"

"Hapana sema sana."

"Basi sawa. Mdomo mimi iko nayo."

Tangu siku hiyo nikawa wa kubeba kikapu. Kila likizo, mvua ikishaanza, tulitoka asubuhi umande ukiwa bado majanini. Tulipita nyuma ya maduka, tukavuka barabara ya Oraba ambako malori ya Sudani Kusini hupita yakitikisa ardhi, tukateremka kwenye mashamba upande wa kijito. Yeye mbele, mimi nyuma. Alitembea jua likiwa mgongoni mwake kila alipoweza, maana alisema jani likipigwa na jua kutoka nyuma ya mtu haliwezi kujificha. Kwa hiyo njia yetu ilikuwa na kona nyingi, na mtu asiyetujua angedhani tumepotea.

Hakuniambia jina la mmea hata mmoja. Hili lilinitesa. Mwalimu wa baiolojia alitupa kazi ya mradi: mimea ishirini ya kuliwa inayoota yenyewe, majina yake na namna inavyopikwa. Nikafurahi, nikajua hapa nitawashinda wote, hata wale wanaonyoosha mikono darasani. Nikaenda na daftari.

"Haboba, hii naitwa nini?"

"Hii? Hii iko mkwe."

Ilikuwa ile inayotambaa chini, yenye majani manene madogo. Aliiita mkwe kwa sababu inaingia uani kwa mtu imeinama. Ile chungu, ambayo lazima umwage maji ya kwanza, aliiita mke mwenza. Mlenda, unaoteleza na kushika kila kitu sufuriani, ulikuwa shemeji. Nikaandika vyote. Daftari likarudi na kalamu nyekundu: "Shemeji si jina la mmea. Fanya upya." Darasa zima lilicheka, na wiki nzima wavulana wa nyuma waliniita shemeji.

Nilikwenda maktaba, nikatafuta, nikajua kwamba ile chungu ni mgagani. Nikarudi kwa Haboba nimeshiba maarifa.

"Haboba, mke mwenza naitwa mgagani."

"Nani nasema?"

"Mwalimu."

"Mwalimu nakula?"

"Sijui."

"Basi yeye iko na jina, mimi iko na mboga. Jina utaweka chumvi?"

Akacheka mpaka akashika kiuno. Nilitaka kumwambia kwamba jina ni muhimu, kwamba mtu wa Arua au wa Kampala anaweza kujua tunazungumzia mmea upi, kwamba yeye akifa, mkwe na shemeji na mke mwenza watakufa naye. Nilisema "Jina..." na alikuwa ameshafika shamba la pili.

Alikuwa mtu wa kukasirisha kwa namna nyingi. Alidharau kabichi, alisema ni chakula cha watu waliokata tamaa, lakini chungu chake mwenyewe kilipata vipande vitatu vya mchuzi wa paketi, na soda ya machungwa aliinywa kwa macho yaliyofumbwa. Ijumaa hakugusa majani kabisa. Ijumaa ilikuwa nyama, na kama nyama haipo alilala mchana kutwa kwa huzuni. Aligombana kila wiki na Mama Poni, mwanamke kutoka ng'ambo ya mpaka aliyeuza unga karibu na mahali malori yanapoegeshwa, kwa sababu Mama Poni alitia odi, ule ufuta na njugu za kusaga, katika kila mboga.

"Wewe nafunika mboga kama maiti," Haboba alimwambia.

"Na wewe napika majani kama mbuzi, Haboba. Mbuzi tu ndiyo nakula bila odi."

"Mbuzi iko na akili kuliko Mama Poni."

"Basi olewa na mbuzi."

Waligombana hivyo watu wakisimama kusikiliza. Kisha Haboba aliingiza mkono kikapuni, akatoa fungu bora kuliko yote, lile alilolifunika chini kabisa lisipigwe na jua, akaliweka juu ya gunia la unga na kuondoka bila kuaga. Nilimuuliza mama kwa nini hampi mtu anayempenda. Mama akasema, "Unadhani hampendi?"

Tena alisema pori ni la Mungu na kila mtu achume. Hilo alilisema kwa sauti kubwa, hasa mbele ya watu. Lakini uyoga ulipotoka kwenye vichuguu baada ya mvua za kwanza, hakutaka hata mimi nijue mahali. Tukifika kwenye mti fulani aliniambia, "Geuka. Angalia Kongo." Nikageuka, nikatazama vilima vya upande wa Kongo, mikono imeshika kikapu kitupu, nikisikia miguu yake ikipotea majanini nyuma yangu. Mbu waliniuma. Niliijua Kongo kuliko nilivyoijua shule yangu. Alirudi na uyoga mweupe ndani ya shuka, uso umetulia kama mtu aliyetoka kusali, na akauliza, "Kongo iko namna gani?"

"Iko tu."

"Vizuri."

Na bado, mtu huyohuyo hakuchuma ua ambalo nyuki yumo. Kuna mmea mrefu wenye maua ya njano yanayoinama kama mdomo wa kuku anayekunywa maji. Tulichuma majani yake na maua yake pamoja, kabla jua halijapanda. Mara ya kwanza nilivuta tawi zima kwa haraka, akanipiga kofi mkononi.

"Acha hiyo. Iko na mutu ndani."

Nikatazama. Nyuki alikuwa amezama kichwa chini, miguu nje, anafanya kazi yake. Tukangoja. Ndiyo, tulingoja, mwanamke mzee na mimi tumesimama kwenye umande mpaka nyuki akamaliza na kutoka. Ndipo Haboba akachuma lile ua kwa vidole viwili. Kwa nini hakuchuma mengine wakati tunangoja, sijui.

Kosa langu la kwanza nalo niliandike. Siku moja, kwa kutaka kumwonyesha kwamba na mimi najifunza, nilichuma fungu peke yangu karibu na ukuta wa uwanja wa mpira. Majani mapana, laini, na mbuzi wawili walikuwa wanayala kwa raha. Nikampelekea.

"Nani nakuambia hii nakuliwa?"

Nikasema mbuzi.

Alikaa chini. Kweli, ilibidi akae. Alicheka, akafuta macho kwa ncha ya shuka, akaita jirani mmoja aje asikie. Kisha akanishika tumbo kwa kiganja chake kigumu. "Mbuzi iko na tumbo nne, biniya," alisema, yaani binti. "Wewe iko na ngapi?" Alinitemea mate mkononi, akasugua lile jani juu yake na kuniambia ningoje. Baada ya muda ngozi iliwasha na kuvimba kidogo. "Sasa wewe najua," alisema. "Jani nasema yenyewe. Wewe sikiliza tu, usiulize mbuzi, usiulize mwalimu, usiulize mutu."

Nililikumbuka neno hilo kama amri. Jani linasema lenyewe. Yeye aliliamini kuliko kitu chochote nje ya dini yake, na miaka yote niliyomfuata halikumdanganya hata mara moja.

Sasa nieleze habari ya mashamba, maana bila hiyo mtu hataelewa alichokosea.

Mboga nyingi tunazoziita za porini haziko porini. Ziko mashambani, ndizo magugu. Mvua ya kwanza ikinyesha, kabla mwenye shamba hajapiga jembe, zinaota zenyewe kwa wingi, laini na nzuri. Mwenye shamba anazichukia, anataka kupanda muhogo wake au maharage. Haboba anazitaka. Kwa hiyo kulikuwa na adabu. Ukiingia shamba la mtu kuchuma, kwanza unang'oa magugu mabaya, yale yasiyoliwa, mstari mmoja kwenye ukingo wa upande wa njia, na unayalaza mizizi ikitazama juu. Mwenyewe akija anaona mizizi, anajua amepita mtu mwenye heshima, amechukua na amefanya kazi. Hakuna anayeita polisi. Haboba alinifundisha hilo kabla ya kunifundisha jani lolote.

Upande wa kijito kulikuwa na shamba la mzee mmoja wa kabila la Kakwa, mtu wa kanisani, mrefu, mwenye kofia ya majani. Huyo alizidisha adabu. Kila mwaka alipokwisha kuona mizizi ukingoni, aliliacha shamba siku mbili zaidi bila kupiga jembe ili Haboba amalize. Hawakuwa wametembeleana hata siku moja. Sikuwahi kusikia wakizungumza zaidi ya salamu za njiani. Lakini mashamba ya jirani yakiwa yameshageuzwa, mekundu yote, na lile moja bado kijani, Haboba alisimama juu ya njia, akashika kiuno na kusema, "Ameniachia." Alilisema kwa furaha ambayo nyumbani hatukuiona hata siku ya Idi.

Mwaka huu, likizo ya muhula wa kwanza, nilikuwa narudi na maji jioni nikamwona yule mzee shambani. Alikuwa na pampu ya bluu mgongoni na kitambaa kimefungwa puani. Alitembea kinyumenyume, polepole, akipuliza dawa ya majani kushoto na kulia. Nilijua ni nini. Nusu ya Koboko sasa wanapiga dawa, duka la pembejeo lina foleni. Simlaumu. Watoto wake wa kiume wako Juba na Arua, mgongo wake mbovu, jembe atapiga nani? Na dawa ile haifanyi haraka. Siku ya kwanza, ya pili, hata ya tatu, majani yanabaki vilevile. Ndipo yanageuka manjano.

Niliweka mtungi chini, nikaenda moja kwa moja kwa Haboba. Alikuwa na wageni wawili, wanawake wa harusi iliyokuwa imepita mtaani, wanazungumza juu ya bibi harusi. Waliponiona wakanitazama wote watatu.

"Nini?" Haboba aliuliza.

"Nimekuja kusalimia," nilisema.

Nikarudi nyumbani. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipotaka kumwambia. Naiandika kama ilivyo.

Mara ya pili ilikuwa asubuhi yake, njiani. Nilijiandaa. Nilisema, "Haboba, lile shamba la mzee..." na tulikuwa tumefika juu, na mashamba yote ya jirani yalikuwa mekundu, na lile lilikuwa kijani mpaka kwenye maji.

"Umeona?" alipiga makofi. "Umeona? Ameniachia! Na mwaka hii mizizi sijaweka bado!"

Akateremka kama msichana.

Mara ya tatu nilisema kweli. Tulikuwa katikati ya shamba, yeye ameshachuma ncha ya mgagani, mimi nimesimama.

"Haboba, amepiga dawa. Jana mimi naona pampu."

Akasimama. "Dawa ya nini?"

"Ya kuua majani."

Alivuta tawi zima, akalileta mpaka puani kwangu. Lilikuwa bichi, linanukia kama mgagani unavyonukia, na umande juu yake. "Hii imekufa?"

"Bado."

"Bado!" Akacheka. "Jani inakufa kesho, leo iko tamu? Nani nakuambia?"

"Siku tatu nne hivi ndiyo..." Nikasikia sauti yangu ikishuka, kama inavyoshuka kila mara, kama redio ambayo betri inaisha.

Akaikunja ncha mara mbili, akaiuma. Akanyamaza kusikiliza. Nilimtazama mdomo. Sijawahi kuomba kitu kama nilivyoomba pale: iwe chungu, iwe na harufu, aseme "Tu!"

"Tamu," alisema. Kisha uso ukabadilika. "Yule mzee miaka yote naniachia. Wewe mtoto nataka kuharibu jina yake?"

Niliweka mikono nyuma. Sikuchuma hata jani moja, na ndilo pekee nililofanya. Kikapu kilikuwa miguuni pangu. Teke moja lingetosha, yale majani yangemwagika matopeni na angenitukana njia nzima, basi. Sikupiga teke. Alichuma, akauma, akachuma, akauma, kama kawaida yake, labda mara ishirini. Alipomaliza alikwenda ukingoni, akang'oa mstari wa magugu, akayalaza mizizi juu, moja baada ya jingine, mstari umenyooka kuliko wowote niliowahi kuuona. Asante yake.

Tulipofika mtaani nilimkimbilia mama. Kwa mama niliweza kusema. Akatupa mwiko, akakimbia kwa Haboba, akakuta mboga zimeoshwa, maji yanachemka, akazimwaga zote nyuma ya choo. Hazikuwa zimepikwa bado wala kuliwa na mtu mwingine. Aliyezila mbichi ni yeye peke yake, kwa ulimi. Adhuhuri alianza kutapika. Jioni midomo ilikuwa na vidonda na hakuweza kumeza maji. Alilala hospitali siku nne.

"Ulijua?" mama aliniuliza mbele ya watu.

"Nilimwambia."

"Ulimwambiaje?"

Nikasema vile nilivyosema shambani, kwa sauti ileile. "Hiyo si kusema," mama alisema. "Hiyo ni kupumua."

Bado inaniuma. Kwa sababu nilisema. Ilikuwa ndogo lakini ilikuwa sentensi, na ilikuwa kweli, na mtu mzima mwenye masikio mazuri kuliko yangu aliisikia akaitupa.

Siku ya nne nilipita shambani. Lilikuwa limekuwa la kahawia lote, limelala chini kana kwamba limemwagiwa maji ya moto. Ule mstari wa mizizi tu ndio uliokuwa bado umenyooka. Nilikuwa nimesema kweli, na sikuwa na mtu wa kumwonyesha. Nikafanya jambo baya. Nilikata tawi moja la mgagani uliokufa, nikalipeleka hospitali na kuliweka juu ya shuka yake, karibu na mkono. Sikusema neno. Alilichukua, akalizungusha, akaligeuza nyuma na mbele. Hakuliuma. Alilirudisha pale nilipoliweka, akageukia ukutani. Nilitaka kufurahi na sikuweza, na sikuweza pia kusema samahani, kwa hiyo nilikaa pale mpaka muuguzi akaniambia muda umekwisha.

Yule mzee alikuja mtaani siku Haboba aliporudi. Alileta kuku, akakaa kwenye benchi la nje, kofia magotini. Alimwambia mama, "Mimi nilifikiri yeye najua. Sasa kila mutu napiga dawa. Nilifikiri yeye hapana kuja tena." Alikuwa karibu kulia. Mama akaingia ndani kumwambia Haboba nani amekuja. Tukasikia sauti yake nyuma ya pazia, nzito kwa sababu ya vidonda:

"Mwambie mimi iko na tumbo ya harusi. Ile maini ilikuwa mbaya. Mwambie shamba yake iko safi."

Mama akatoka akarudia maneno hayo. Mzee aliinamisha kichwa, akaacha kuku, akaenda. Nilikuwa nimesimama pembeni, nimejaa hasira. Wote watatu walijua kwamba si maini ya harusini. Kwa ajili ya jirani ambaye Haboba hakuyajua hata majina ya watoto wake, alikuwa tayari kudanganya, na mimi niliyembebea kikapu miaka yote aliniambia naharibu jina la mtu.

Wiki hiyohiyo binti yake, fundi cherehani wa Arua, alikuja na gari la kukodi akamchukua kwenda kukaa naye Manibe, nje kidogo ya mji wa Arua. Kikapu alikiacha kwetu. Hakuniaga. Labda aliniaga na sikusikia, watu walikuwa wengi.

Nasoma bweni Arua. Mwezi uliopita tulipewa mapumziko ya nusu muhula, na mama alinipigia kwa simu ya matroni: kabla ya kupanda gari la Koboko, nipite Manibe nikamsalimie. Nilichukua boda, nikamwonyesha dereva karatasi yenye maelekezo kwa sababu sikutaka kuyasema. Nilimkuta ameketi barazani peke yake, binti yake yuko kazini. Amekonda. Kwenye mdomo wa chini kuna kovu jeupe. Miguuni pake palikuwa na karai la plastiki la kufulia, tupu.

"Uko," alisema.

"Niko, Haboba. Shikamoo."

"Chukua karai. Twende."

Nikadhani binti yake amemkataza, na nikataka kuuliza, na alikuwa ameshafika njiani. Tulipita nyumba tatu nne, tukatokea kwenye mashamba. Mvua ilikuwa imenyesha. Karibu na njia palikuwa na shamba ambalo halijapigwa jembe, na ndani yake mgagani, mlenda, na ile inayotambaa, vyote vimejaa, vinang'aa. Jua lilikuwa nyuma yetu. Mtu mmoja wa makamo alikuwa amekaa kwenye kisiki anakunywa chai kwenye kikombe cha bati.

Haboba alisimama ukingoni. Hakuingia. Alinyoosha mkono, akachuma ncha moja, akaikunja mara mbili, ikafika mpaka karibu na meno. Ikasimama hapo. Kisha akaishusha.

"Muulize," aliniambia.

"Nini?"

"Wewe muulize. Mimi hapana jua kuuliza hii."

Niliuliza, kwa sauti ambayo hata mimi ilinishtua: "Mzee! Shamba hii imepigwa dawa?"

Yule mtu akainua kichwa. "Aka, dawa ya wapi? Hakuna. Chukueni tu, ni majani."

Nilimgeukia Haboba. Nilidhani ataingia. Hakuwa anatazama majani wala yule mtu. Alikuwa ananitazama mimi, kwa karibu, kama alivyozitazama ncha kabla ya kuziuma.

"Yeye nasema kweli?"

"Amesema hakuna."

"Mimi nasikia. Nauliza wewe. Yeye nasema kweli?"

Nikamtazama yule mtu. Alikunywa chai. Hakukuwa na pampu karibu, lakini pampu inaweza kuwa ndani ya nyumba. Shamba halikuwa limepigwa jembe, na jembe halikuonekana. Alitabasamu, lakini watu hutabasamu. Labda dawa ilipigwa na kaka yake, labda jana, labda haijawahi kupigwa tangu dunia iumbwe. Majani yalikuwa mazuri sana. Mimi watu siwajui. Mimi ni mtu wa kutazama vidole vya miguu.

"Sema," Haboba alisema, na safari hii alingoja. Alingoja kweli, mkono wake umeshika mkono wa nguo yangu, mpaka nikatamani aanze kutembea.

"Tuache," nilisema.

Akafungua vidole, ile ncha ikaanguka. Akageuka kurudi barabarani. Hakuniuliza nimejuaje, hakuniita mtoto, hakunitajia mbuzi. Nyuma yetu yule mtu alisimama akapaza sauti, "Mama! Mbona mnaenda? Chukueni! Kesho mimi nalima, zote natupa!"

Alilima kesho yake? Sijui. Nilitembea na karai tupu, Haboba nyuma yangu safari hii, nikimsikiliza. Nyumba ya kwanza, nyumba ya pili. Niligeuka mara mbili kumpa nafasi ya kubishana na mimi; alinifuata tu.